Zamość kwa macho ya mtu wa Ndia Kuu

Mtu wa Mombasa akitajiwa Polandi hufikiria Warsaw, labda Kraków, au wale wageni wanaokuja Diani mwezi wa Januari wakiikimbia theluji kwao. Zamość haumjii akilini. Nao ndio mji wa Polandi ambao mtu aliyezoea vichochoro vya Kibokoni atauelewa upesi kuliko mwingine wowote, kwa kuwa ulichorwa kwa elimu ile ile iliyoichora Fort Jesus, na katika kizazi kile kile.

Kwanza jina. Tamka Zamoshch, "sh" na "ch" zikifuatana bila irabu kati yake. Ukimwambia dereva "Zamosi" atakutazama tu.

Fort Jesus ilianza kujengwa 1593. Mchoro ulikuwa wa Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milano, mjenzi mkuu wa Wareno katika himaya yao ya Bahari ya Hindi. Miaka 13 kabla ya hapo, 1580, bwana mkubwa wa Polandi aitwaye Jan Zamoyski alianzisha mji kwenye ardhi yake mwenyewe, akamwajiri Bernardo Morando wa Padova, Italia, auchore. Zamoyski hakuwa tajiri wa mashamba tu. Alikuwa kansela mkuu wa ufalme tangu 1578 na jemadari mkuu wa majeshi tangu 1581, na ujanani alisoma sheria huko huko Padova, hata akachaguliwa rekta, yaani mkuu wa chuo, cheo ambacho siku hizo wanafunzi walikipigia kura wenyewe. Alirudi kwao na picha ya mji kichwani: ikulu, soko, kanisa, chuo na ngome, vyote vimekamilika karatasini kabla ya tofali la kwanza, na vyote viwe vyake.

Neno "vyake" lichukue lilivyo. Mwaka 1589 mali ya ukoo ilifungwa kisheria isigawanywe mafungu kwa warithi, ikawa inashikwa na mmoja baada ya mwingine hadi 1944. Mji wenyewe serikali iliununua mapema zaidi, 1821. Anayejua mambo ya wakfu wa ukoo hapa pwani ataona udugu, ila wakfu wetu haumtajirishi mtu mmoja, au tuseme haukukusudiwa hivyo.

Mji ndani ya kuta ulikuwa kama mita 600 kwa 400. Kutoka upande mmoja hadi wa pili ni mwendo wa dakika kumi, tena ukisimama kuangalia madirisha.

Hadithi ya mwili wa mtu

Waongoza wageni wa Fort Jesus hupenda kusema kwamba ukiitazama ngome kutoka juu utaona mtu amelala chali. Wenzao wa Zamość wana hadithi hiyo hiyo: ikulu ni kichwa, mtaa wa Grodzka ni uti wa mgongo, kanisa na chuo ni mapafu, masoko yanayokata katikati ni moyo na tumbo, na buruji, zile pembe za ngome zinazotokeza nje ya ukuta, ni mikono na miguu ya kujilinda. Uliza watu wawili, viungo vitabadilishana nafasi.

Ni kweli kwamba wachoraji wa Italia wa karne ile walipenda kulinganisha jengo na mwili. Lakini asikudanganye mtu, umbo la ncha ncha limeletwa na mizinga. Mnara wa duara una aibu moja: mbele yake hubaki kipembe cha ardhi ambacho hakuna silaha ya ukutani inayokifikia. Adui akijibanza pale, anachimba msingi kwa raha zake. Buruji ikichongwa iwe na ncha kama ya mkuki, kipembe kile kinatoweka, maana mzinga uliofichwa kwenye bega la buruji hii unafagia uso wa buruji ya jirani, na wa jirani unafagia wa hii. Usiende Polandi kwa somo hili. Nenda Fort Jesus asubuhi kabla jua halijawa kali, simama juu kwenye bega la buruji mojawapo ya upande wa nchi kavu, utazame kando: ukuta wa mwenzake utauona wote mpaka nchani. Ukishalielewa hilo, Zamość utausoma kama barua.

Tofauti iko kwenye mwamba. Mombasa walikuwa na tumbawe, wakauchonga ule ule mwamba ukawa sehemu ya ukuta. Zamość uko tambarare, penye vinamasi. Huko ngome ilikuwa ya matofali na udongo, na mlinzi wake mkubwa alikuwa maji: mito Łabuńka na Topornica ilizuiwa ikafanya ziwa na matope ambayo farasi wala mzinga haupiti. Kwa hiyo mji ulizingirwa mara nyingi na haukuvunjwa kwa urahisi. Mwaka 1648 Wakosaki, wapiganaji wa nyika za Ukraine, chini ya kiongozi wao Khmelnytsky, walikubali fidia wakaondoka. Mwaka 1656 mfalme wa Sweden, Karl X Gustav, alifika akiwa ameshachukua karibu Polandi nzima, na pale akashindwa. Mwaka 1813 Warusi waliuzingira kwa miezi mingi, hadi walinzi wakafua sarafu zao ndani ya ngome baada ya fedha kuwaishia. Hapo ndipo mtu wa Mombasa hukumbuka 1696 hadi 1698, wakati Waomani walipoizingira Fort Jesus, na maradhi na njaa vikawaua walinzi wengi kuliko risasi.

Mwaka 1866 Warusi waliifuta ngome ya Zamość, na sehemu kubwa ya kuta ikalipuliwa. Kwa hiyo usitarajie ukuta unaozunguka mji mzima. Kilichobaki na kurekebishwa vizuri kuliko vingine ni Buruji ya VII, upande wa mashariki, ambapo unaingia na mwongozaji kwenye vyumba vya mizinga vilivyo ndani ya ukuta. Ndani kuna baridi hata Julai, na sakafu huwa na unyevu, kwa hiyo makubadhi yabaki hotelini. Silaha zenyewe ziko upande wa pili wa mji, kwenye Arsenal karibu na ikulu ya zamani. Ikulu yenyewe itakuvunja moyo. Katika karne ya 19 ilivuliwa mapambo yote ikatumiwa kama hospitali ya jeshi, baadaye mahakama, na leo ina sura ya ofisi ya serikali.

Lango na mjomba

Kabla hujaondoka upande huo, tafuta Lango la Kale la Lublin. Kwa jengo, ni dogo. Kwa kisa, halina mfano.

Mwaka 1587 Polandi ilikuwa ikichagua mfalme, na kura zikagawanyika. Upande mmoja ulimtaka Sigismund wa Sweden, upande wa pili Maximilian, mwana wa ukoo wa Habsburg wa Austria. Zamoyski alikuwa upande wa Sigismund. Januari 1588 alimshinda Maximilian vitani huko Byczyna na kumteka. Mateka alipelekwa Zamość, akapitishwa kwenye lango hili, kisha lango likazibwa kwa matofali ili asipite mtu mwingine baada yake.

Sasa angalia ukoo. Mama yake Maximilian alikuwa Maria, dada wa Felipe II wa Hispania. Felipe huyo ndiye aliyekuwa pia mfalme wa Ureno ilipoanza kujengwa Fort Jesus. Yaani aliyepitishwa mateka kwenye lango la Zamość ni mpwa, na mjomba wake ndiye bwana wa ngome yetu. Dunia ya wakati ule ilikuwa ndogo kuliko tunavyofundishwa.

Uwanja, matao na mapaa

Rynek Wielki maana yake ni Soko Kuu, jina la aina moja na Ndia Kuu, yaani Njia Kuu, ya Mji wa Kale wa Mombasa. Ni mraba wa mita 100 kwa 100. Kuna masoko mengine mawili madogo, la Chumvi upande wa kaskazini na la Maji upande wa kusini, na ukienda kutoka moja hadi jingine unaufuata mstari mmoja ulionyooka. Jumba la mji, lenye mnara wa mita 52, halikuwekwa katikati ya uwanja kama desturi ya miji mingi ya Polandi. Lilisukumwa pembeni, kaskazini. Maelezo ya kawaida ni kwamba Zamoyski hakutaka jengo la wafanyabiashara lishindane na ikulu yake. Zile ngazi mbili za mbele, zinazoteremka zikitanuka kama shela la bibi harusi, si za Morando. Ziliongezwa karne ya 18.

Kuzunguka uwanja, nyumba zimeacha ghorofa ya chini wazi kwa mbele, zikafanya kipito kirefu chenye matao. Kazi yake ni ile ya baraza na roshani zetu: kivuli, biashara, na kukwepa mvua. Ila wao hawakuweka vibao vya kukalia, na kwa maoni yangu hapo ndipo Morando alipokosea.

Mji hauna bahari. Bandari yake ilikuwa barabara iliyounganisha Bahari Nyeusi na Ulaya ya kaskazini na magharibi, na Zamoyski aliwavuta wafanyabiashara kwa hati za haki: Waarmenia 1585, Wayahudi 1588, Wagiriki 1589. Wayahudi aliowataka mwanzoni ni Wasefaradi, wale ambao asili yao ni Hispania na Ureno walikofukuzwa. Waliokimbia Ureno walipata mji Polandi, katika miaka ile ile Wareno walipokuwa wakijijengea ngome Mombasa.

Waarmenia ndio walioacha nyumba zinazopigwa picha zaidi, mashariki mwa jumba la mji, zenye rangi za kijani, manjano na nyekundu. Wengi walikuwa wakiuza mali ya mashariki: mazulia, ngozi, vitambaa. Sogea karibu. Kwenye ile ya malaika, sanamu ya Jibrili imetokeza ukutani, na kuzunguka madirisha kuna majani na maua yaliyofinyangwa kwa chokaa. Aliyezoea nakshi za milango ya pwani atasimama pale muda mrefu, kwa sababu mkono ni tofauti lakini tabia ni moja: nafasi tupu haivumiliki. Makumbusho ya Zamość yako ndani ya nyumba hizi, na kuingia kunakupa nafasi ya kuona boriti za dari zilizopakwa rangi.

Kisha inua macho kwenye ukingo wa juu, ule unaofanana na taji. Si pambo tu. Nyuma yake paa limezama kwa ndani kama mtumbwi: linashuka kutoka pande mbili kuelekea katikati, na mfereji unatoa maji nje. Ukuta ule wa juu ulikusudiwa kuzuia moto usiruke kutoka paa hadi paa, kwa kuwa nyumba zimebanana. Ubaya wake ni theluji. Inajaa mtumbwini, inayeyuka mchana, inaganda usiku, mfereji unaziba, na maji yanapenya kwenye mbao za dari. Ndiyo sababu moja mapaa ya aina hii yalichosha watu, na katika karne ya 19 nyumba nyingi za uwanjani zilivuliwa mataji yake. Baadhi ya unayoyaona leo yamerudishwa katika karne ya 20. Kwa hiyo ukiona nyumba yenye taji imesimama na jirani yake iliyo kipara, usidhani jirani alikuwa maskini.

Sinagogi liko mtaa wa Pereca, nyuma ya uwanja, nalo lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 17. Wanazi walilifanya karakana ya useremala; lilifunguliwa tena kwa wageni 2011 baada ya kukarabatiwa. Mtaa umepewa jina la I. L. Peretz, mwandishi wa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya mashariki, aliyezaliwa Zamość 1852. Rosa Luxemburg, mwanamapinduzi wa kisoshalisti, naye alizaliwa hapa, 1871, lakini ukifuata vitabu vya zamani vya wageni ukitafuta kibao chake mtaa wa Staszica, utapoteza muda. Kiliondolewa 2018.

Kabla ya vita ya pili ya dunia Wayahudi walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wakazi. Kuanzia Aprili 1942 walisafirishwa hadi kambi ya mauaji ya Bełżec, si mbali na hapo. Mwisho wa mwaka huo Wajerumani wakaanza kuwafukuza Wapolandi wa vijiji vya eneo hilo ili walete walowezi wao. Zaidi ya watu 100,000 waliondolewa, kiasi cha 30,000 wakiwa watoto. Kusini mwa mji wa kale, mwendo wa robo saa kwa miguu, iko Rotunda, boma la mviringo la matofali lililojengwa miaka ya 1820 kwa ajili ya mizinga na kugeuzwa gereza la Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi. Inakadiriwa watu 8,000 waliuawa pale. Nenda asubuhi, iwe ziara ya peke yake, usiipange baina ya chakula cha mchana na duka la zawadi.

Kufika, kula, na makosa ya kawaida

Viza ni ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima ni yuro 90. Bima isipungue yuro 30,000. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka huko na kurasa mbili tupu. Alama za vidole zilizotolewa ndani ya miezi 59 iliyopita hutumika tena. Kinachowaangusha wengi ni tarehe za bima kutolingana na za tiketi.

Kutoka Warsaw panda treni hadi Lublin, halafu kilomita 90 hivi kwa basi dogo. Mabasi hayo ni matatu za kwao: jina la mji limeandikwa kwenye kioo cha mbele, unamlipa dereva unapopanda, na ni vyema uwe na pesa taslimu za chenji. Hakuna makanga wala muziki. Uliza saa ya gari la mwisho la kurudi mapema, hasa Jumapili. Treni za kufika Zamość zipo lakini chache. Stesheni iko kama kilomita moja kutoka mji wa kale.

Pesa ni zloti, si yuro. Mashine ya kutoa pesa ikikuuliza kama unataka hesabu ifanywe kwa sarafu ya kwenu, kataa, uchague zloti. Kiwango chao kinakula mfuko. Jumapili nyingi maduka makubwa hufungwa kwa sheria, na Jumatatu makumbusho mengi ya Polandi hufungwa pia, kwa hiyo anayefika Jumapili jioni na kuondoka Jumanne asubuhi amenunua tiketi ya kuangalia milango. Mlango wa choo wenye pembetatu ni wa wanaume, wenye duara ni wa wanawake. Na mhudumu wa mkahawa akija kuchukua pesa, usiseme "dziękuję" ukimpa noti kubwa. Ni "asante", lakini hapo maana yake ni "chenji baki nayo".

Anayeepuka nguruwe asome hapa polepole. Pierogi ruskie ni maandazi ya kuchemsha yenye viazi na jibini laini, hayana nyama ndani, lakini jikoni huyamwagia juu vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Sema "bez skwarek", bila hivyo vipande, na uulize kilichokaangiwa: "smalec" ni shahamu ya nguruwe. Nyama ya nguruwe ni "wieprzowina". Salama zaidi ni cebularz, mkate bapa wa Lublin wenye vitunguu na mbegu za popi juu, unaopatikana kwa waoka mikate. Ule wa moto. Ukipoa unakuwa mgumu, na kitunguu kinapoteza utamu.

Desemba jua huzama saa tisa na nusu alasiri na barafu hufanya mawe ya uwanjani yateleze. Juni huzama karibu saa tatu usiku, na giza kamili haliingii kabisa siku zile ndefu, hivyo anayeswali akubaliane mapema na wenzake ni hesabu gani ya Isha na Alfajiri watakayoifuata. Mei na Septemba ni miezi ya busara.

Katika msimu wa wageni mpiga tarumbeta hutoka juu ya mnara wa jumba la mji saa sita mchana. Hupiga kuelekea pande tatu tu. Upande wa magharibi, uliko Kraków, anauruka, na husemwa kwamba ni Zamoyski aliyekataza, kwa kuwa hakupatana na wakubwa wa huko. Simama upande wa kusini wa Rynek Wielki, chini ya matao, dakika tano kabla. Hapo utamwona uso kwa uso, na nyumba za Waarmenia, ambazo zinatazama kusini, zitakuwa zimepigwa jua sawasawa kwa picha.